Ngozi ya Mke Wangu na Glavu za Paredi

Kila Jumamosi tulianika mablanketi milangoni ili mkubwa wa kambi ayakague. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa askari polisi katika kambi ndogo upande wa Bwera, magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka. Mablanketi ya serikali yalikuwa meusi, na hapo ndipo tulipoumbuka. Mkubwa alisimama mbele ya chumba chetu, akaligusa blanketi kwa fimbo yake, magamba meupe yakadondoka kama pumba za mahindi.

"Hii ni nini?"

"Ngozi, afande."

"Ngozi ya nani?"

Mke wangu alikuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni, mikono ameificha ndani ya leso. Mimi niliyekuwa nikiwafokea wenye malori kwenye kizuizi cha barabarani mpaka wasahau walikotoka, siku ile nilitazama buti zangu.

"Bibi yako iko na ukoma," mkubwa akasema, laini nzima ya vyumba vya askari ikisikia. "Mimi hapana taka ukoma kwa laini yangu. Mwisho ya mwezi, ngozi ikuwe safi, ama anatoka. Umesikia?"

"Ndiyo, afande."

Ugonjwa wenyewe ulimwanza baada ya kujifungua binti yetu. Ulianzia kwenye viwiko na magoti, ukapanda mgongoni, ukaingia hata kichwani penye nywele. Mabaka mekundu yenye magamba meupe juu, yanayowasha mchana kutwa. Akisonga ugali, ngozi ya vidole ilipasuka ikatoa damu. Alikuwa mtu wa utani, mke wangu. "Nyoka hujivua siku moja akapumzika," aliniambia, "mimi najivua kila siku na bado sijaisha." Lakini baada ya Jumamosi ile utani ulipungua. Wanawake wa laini waliacha kumwazima chekecheke, na mtoto wetu hakubebwa tena na mtu.

Kambini tulikuwa watu wa kila pembe ya Uganda, na kila mmoja alikuwa na dawa ya kwao. Dereva wa lori aliniletea oili chafu ya injini, nikampaka. Tukaharibu shuka mbili na magamba yakabaki palepale. Mwingine akaniambia chumvi ya ziwa la Katwe ndiyo kiboko ya ngozi. Nilimwogesha nayo. Akauma pindo la leso asipige kelele, maana kila palipopasuka chumvi iliingia. Nilitaka kulia, nikajifanya mkali. "Vumilia," nikasema, kama vile namwamuru kuruta.

Nilimpaka mimi mwenyewe, kila asubuhi kabla ya zamu, na nilijisifu kwa hilo. Wanaume wangapi kambini wangefanya hivyo? Lakini nilimpaka nikiwa nimevaa glavu zangu nyeupe za paredi. Nilimwambia ni kwa sababu ya kucha zangu, zisimkwaruze. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Siku yangu ya mapumziko tulikwenda Maliba, kwa mama mmoja Mkonzo, mwenyeji wa milima ile, aliyesifiwa kwa dawa za ngozi. Tulimkuta akigeuza kahawa kwenye mkeka, wala hakuacha kazi. Aliushika mkono wa mke wangu kwa mkono wake mtupu, wenye vumbi la kahawa, akakwangua gamba kwa ukucha, akaliinua juani akalitazama.

"Hii haiko ukoma," alisema. "Mutu ya ukoma, moto inamuchoma na hasikii. Weye unasikia?"

"Nasikia, mama," mke wangu akajibu. "Nasikia kila kitu."

"Basi. Ngozi yako iko na haraka. Inazaa ingine mbele ya ile ya kwanza kuchoka."

Akatuelekeza: tuchemshe majani machungu ya mululuza, aoge maji yake yakiwa vuguvugu, kisha apakwe utomvu wa shubiri, juu yake mafuta ya mbarika, akae na mgongo juani asubuhi.

"Atapona?" nikauliza.

"Itatulia. Kupona, sijui. Mimi haiko Mungu."

Nilikasirika. Nimepanda basi, nimetembea mlima mzima, naambiwa sijui! Hata hivyo tulifanya kama alivyosema. Wiki mbili baadaye magamba yalilainika, mengine yakatoka, muwasho ukapungua. Lakini mabaka yalibaki mekundu vilevile, na mwezi ulikuwa unaisha. Nilikemea sufuria, nilikemea majani, nilimkemea hata yeye kwamba hakai juani vya kutosha. Hakuna nilichokuwa nacho zaidi ya kukemea.

Zikiwa zimebaki siku tatu, nilimpeleka Kasese kwa daktari msaidizi. Alimchoma mabaka kwa sindano, mke wangu akaruka. Yule bwana akacheka kidogo, akaandika karatasi: si ukoma, hauambukizi mtu yeyote. Akatuambia ni ugonjwa wa ngozi ambao dawa ya kuumaliza hakuna. Utakuja na kuondoka. Oili na chumvi tuache. Mafuta ya yule mama hayana ubaya, tuendelee.

Mkubwa aliisoma karatasi mara mbili. "Basi. Akae."

Karibu nikimbie kurudi chumbani. Nilipomwambia, mke wangu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Akavuta kigoda mlangoni, akaligeuzia jua la asubuhi mgongo, akaishusha leso. "Basi nipake," alisema.

Nilichukua kopo la mafuta dirishani. Mkono wa pili ukaenda kwenye msumari na kuchukua glavu. Nilikuwa nimeshavaa moja nilipoona amegeuza shingo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Aliutazama mkono wangu, kisha akatazama mbele.

"Paka tu," akasema.

Ningeweza kuivua. Nilijua yanipasa kuivua, na nilishindwa. Nilivaa na ya pili, nikampaka mgongo wote.

Wiki iliyofuata aliomba kwenda kwao mashariki kumwona mama yake. Hakuna aliyemfukuza. Niliwasindikiza hadi stesheni ya Kasese, yeye na mtoto. Alipokuwa ameshakaa ndani ya behewa, aliinama dirishani.

"Mkubwa wako nilimletea karatasi, ikamtosha," alisema. "Wewe je, Baba Toto, nikuletee nini?"

Treni ikaondoka. Niliandika barua nyingi baadaye, na nilijibiwa kwa heshima, habari za mtoto, habari za mvua. Hakurudi.

Siku ile niliporudi chumbani kutoka stesheni nilikuta glavu juu ya kitanda. Alikuwa amezifua mpaka umanjano wote wa mafuta ukatoka, akazipiga pasi, akazikunja moja juu ya nyingine. Jumamosi nilizivaa kwa paredi, halafu nikalianika blanketi mlangoni. Mkubwa alilipitishia fimbo, akainama kutazama chini, hakuona hata gamba moja.

"Safi," alisema.

Nilisimama wima, mikono imenyooka ndani ya glavu.

"Asante, afande."