Mkwe, Mjukuu na Mkeka Mmoja

Mwaka ule mkwe wangu Wilhelmina alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Sisi wa mtaa wa Igogo tuliachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa, tukaambiwa tushukuru soko huria. Mume wake, mwanangu Mihayo, alikuwa Geita akitafuta dhahabu. Kwa hiyo binti yao Gladness, wa miezi minane, aliachiwa mimi, mzee niliyepunguzwa kazini nikabaki na elimu yangu ya kujisomea.

Gladness alikataa uji. Ukimsogezea kijiko anafunga mdomo kama duka la ushirika. Kliniki muuguzi akasema uzito ukishuka tena, mama aache kazi akae na mtoto. Na mshahara wa huyo mama ndio uliotulisha sote.

"Baba, msomaji ni wewe," Wilhelmina akaniambia. "Tutafutie maandishi."

Nilifurahi kupita kiasi. Maktabani, kitabu kilichokaribia shida yetu kilihusu kuachisha ndama maziwa. Nilikisoma chote. Mwishowe muuguzi akanihurumia, akanipa kijitabu cha lishe. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Mtoto aketi pamoja na wanaokula. Apewe vyakula laini, ashike mwenyewe, asilazimishwe."

"Wanaokula akina nani, baba?" Wilhelmina akauliza kutoka mlango wa jiko. "Mimi nakula huku, wewe sebuleni, mtoto analazwa chumbani mpaka tumalize."

Alisema kweli. Kwetu Usukumani mkwe hali mbele ya baba mkwe. Moto wa shikome ulishazimika, wazee hawana tena pa kukutania jioni. Mila hii moja nilikuwa nimeing'ang'ania kwa meno, yale machache yaliyobaki.

Nikatafakari siku mbili, nikatoa uamuzi wa kisomi: tutakula mkeka mmoja, mtoto katikati, nami nitampa mkwe mgongo.

"Utaonekana umenuna, baba."

"Mila ni mila, mama Gladness."

Nikakaa nikitazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nyuma yangu Wilhelmina alichambua mapanki. Vidole vyake vilijua kila mwiba ulipojificha. Akamwekea mtoto samaki na viazi vitamu vya kuchemsha. Kisha kikohozi.

"Amekabwa!" nikapiga kelele nikageuka, tonge mdomoni, nikakutana uso kwa uso na mkwe wangu, naye anatafuna. Gladness alikuwa ametema kiazi. Akakikagua, akakirudisha mdomoni, kisha akatia mkono mwingine kwenye sahani yangu.

"Geuka basi, baba," Wilhelmina akasema, kicheko amekifunika kwa kanga.

"Nigeuke nini tena? Umeshaniona natafuna!"

Kuanzia hapo nilikula nikitazamana na familia yangu. Kliniki iliyofuata, mshale wa mizani ukapanda. Muuguzi akauliza tumefanyaje. Nikakohoa kidogo, tayari kuhutubia akina mama wote pale kwenye foleni. Wilhelmina akaniwekea mtoto mikononi.

"Baba, zamu inanipita," akasema, akatoka mbio kwenda kazini.