Matanga ya Bayor Aliye Hai

Bayor wa Nandom alikuwa mtu wa kulinda. Alilinda kivuli, alilinda benchi, alilinda chakula kisiangukie tumbo la mtu mwingine. Kulima alimwachia mkewe, Yelpaala.

Safari hii palikuwa na kitu cha kulinda kweli. Mama mkwe alikuwa amefariki, na mkwe anayefika matangani bila pito huimbwa na wapiga marimba mpaka wajukuu zake waone haya. Yelpaala akapika hiyo pombe ya mtama, akaitia chachu asubuhi, mitungi ikajaa chumba kidogo.

"Mlango uache wazi. Pito ikichacha inapumua."

"Inapumua? Ina pua?" Bayor akacheka. "Nenda kisimani, mama. Ulinzi niachie mimi."

Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa matambara majirani wasinuse, akajilaza sakafuni katikati ya mitungi.

Sasa, chachu hula sukari ya mtama na kutoa hewa ya ukaa, ileile aliyokuwa akiitoa Bayor kwa kukoroma. Mtama uliivuta hewa hiyo shambani msimu mzima, bila shukrani. Leo ilikuwa inarudishwa. Tena ni nzito, hutambaa chini kama maji, ikitafuta mvivu aliyelala. Ikampata. Kichwa kikamgonga, pumzi zikamwia fupi. Akajisemea, pito ya mke wangu kali, hata harufu inalewesha! Alipotaka kuinuka, miguu ilikataa.

Yelpaala aliporudi alivunja mlango kwa teke, akamburuta mumewe hadi uani, akapiga yowe. Hapo ndipo alipokosea. Huko Nandom, yowe la mke juu ya mume aliyelala chali lina maana moja tu, na msiba hauliliwi kwa koo kavu. Majirani walifika wakilia, vibuyu mkononi, wakaingia chumbani moja kwa moja.

"Alikuwa mtu mwema," alisema jirani yake Ziem, akichota.

"Mwema wapi! Hata benchi alininyima," mwingine akadakia.

"Basi chota tena, umsamehe."

Upepo wa uani ukamsafisha Bayor mapafu. Akafumbua jicho, akaona mtungi umelazwa ubavu.

"Pito yangu!"

"Tulia bwana," Ziem akafoka, "hatujamaliza kukulilia."

Jioni kaka yake Yelpaala alikuja kuchukua pito ya msiba. Akachungulia mtungi baada ya mtungi, akawatazama majirani wanavyoyumba.

"Nani kafa hapa?"

"Mimi," Bayor akajibu kwa sauti ndogo. "Lakini nimerudi."

"Ungebaki hukohuko, shemeji. Maiti tusingemdai pito."