Siku Niliyolipua Lango la Mji Usiokuwepo

Hata leo nikipita karibu na ile sale ya paroisse, ukumbi wa parokia, pale Dilala nageuza uso, maana kuna mama muuza mikate ambaye akiniona tu anajifanya kufungua madirisha hewani, na wateja wake wote wanacheka, na siwezi kuwakasirikia.

Mwalimu mmoja Mbelgiji alipokwenda kwao aliwaachia wanafunzi wa sekondari mchezo wa mezani: kila mtu ana askari wake wa Ulaya ya zamani, unasema kwa mdomo askari anafanya nini, halafu kete inaamua kama amefaulu. Kulikuwa na bunduki za kuwashwa kwa utambi, mabomu ya chungu yaliyojaa baruti, na pesa za dhahabu zilizoitwa dukati (askari wangu alikuwa nazo mfuko mzima, mimi mwenyewe sikuwa hata na likuta la kununulia karanga). Mimi niliishia shule ya msingi na nilikuwa na haya, basi kila Jumamosi nilikaa kwenye ile sale ya paroisse kama chupa tupu, mpaka Kalonji, mwendesha mchezo, akaniambia mbele ya wote: "Mbuyi, huu mchezo ni wa kusema. Leo ukinyamaza tena, kiti yako nitapatia mwengine."

Nilikipenda kile kiti kuliko chakula. Sasa, baba yangu alikuwa mlipuaji wa miamba, na mgodi ulikuwa jirani na kambi yetu ya wafanyakazi pale Dilala. Kabla ya kuwasha baruti walipuliza honi mara tatu, ndefu, na kambi nzima ikajua la kufanya: fungua madirisha vioo visipasuke, shusha sahani, toka nje dari isikuangukie. Honi moja ya zamani ilikuwa nyumbani. Nikafikiri (hapo ndipo akili iliponiaga) kwamba mdomo ukishindwa, honi itasema kwa niaba yangu, nikaificha ndani ya shati.

Katika mchezo tulikuwa mbele ya lango la mji, mvua inanyesha, tambi za bunduki zote zimelowa. Tukanunua bomu kwa dukati zetu za mwisho. Nani ataliweka? Nikainua mkono. "Sema basi, unafanya nini?" akasema Kalonji. Nikatoa honi, nikapuliza mara tatu, vizuri kabisa, kama baba.

Nyumba ya jirani walikuwa wanapokea mahari. Nikasikia madirisha, pa! pa! pa!, halafu sahani, halafu mayowe. Tulipotoka, barabara imejaa watu, bibi arusi ameshika sufuria ya bukari, yaani ugali, wajomba wa bwana arusi, wageni kutoka Dilolo, wamelala mavumbini na suti zao mpya za abacost, mmoja amemkumbatia mbuzi wa mahari kama mtoto wake. Wote wakingoja mlipuko usiokuja.

Baba akatokea, nusu ya uso ina povu la sabuni. "Nani aliliza honi? Leo hakuna kulipua!"



"Ni mi, tata."

"Juu ya nini?"

Ikabidi nieleze, na nikieleza nusu nitaonekana mwendawazimu, basi nikaeleza yote, mji, mvua, bunduki zilizolowa, dukati, bomu, lango, mpaka nilipopumua nikagundua barabara nzima imenyamaza inanisikiliza mimi.

Baba akauliza polepole: "Na utambi, ulikata urefu gani?"

"Ya mukono moja, tata."

"Mufupi. Ungekufa weye."

Watu wakacheka. Yule mjomba wa mbuzi akajipangusa: "Na mulango, ilianguka?"

"Bado, tata. Kete haijarushwa."

"Murushe basi! Mi nililala chini sababu ya ile bomu!"

Wakaingia wote, na mbuzi. Kalonji akasema nahitaji sita, si chini. Nikarusha. Kete ikazunguka, ikasita, ikalala: sita! Akina mama wakapiga vigelegele kuliko walivyompigia bibi arusi, na wajomba wakanibeba juu.

Kesho yake nilifua abacost nne kwa mikono yangu, nikaomba radhi nyumba kwa nyumba, na nikaapa kwamba honi ya mgodi sitaigusa tena mpaka kufa. Nikitaka kulipua kitu, nitafungua mdomo.

Na niliufungua. Jumamosi iliyofuata Kalonji alitishia tena kuninyang'anya kiti, safari hii kwa sababu wenzangu hawakupata nafasi ya kusema hata neno.