Walivyogawana Nyumba ya Mama

Mama alizikwa asubuhi, na jioni ile ile baba akafika. Sikuwa nimemwona tangu aende kuchimba dhahabu Luhwindja, akaoa mwingine huko, mimi ningali mtoto wa kubebwa. Watu wa kilio walimpisha akae. Hakukaa. Alizunguka nyumba, akagonga kuta kwa kidole, akatazama mabati, ndipo akaniuliza, "Funguo iko wapi?"

Nyumba ile mama aliijenga mwenyewe, mtaani Kadutu, hapo Bukavu, kwa faida ya kasiksi, pombe ya ndizi aliyoipika na kuiuza. Ilikuwa bado enzi ya Wabeleji, na kila mwaka alikwenda kulipa kodi ya wanawake wasio na bwana. Makarani walimcheka. Akirudi alivua viatu, akasema, "Wacha wacheke. Mie nalala kwangu."

Sikuwa na ndugu. Nilikuwa na mjomba tu, kaka yake mama, mtu wa kijijini, ambaye kila akija mjini alikunywa kasiksi ya bure na kumwita mama "maman yangu". Alipofika kilioni nilimkimbilia.

"Usilie," akaniambia. "Ule baba yako hakumaliza kutoa ng'ombe za mahari. Hana bibi hapa, hana nyumba."

Usiku ule nililala.

Kesi ilikwenda mbele ya hakimu wa senta, yaani mitaa ya Waafrika mjini, mtu mweusi mwenzetu aliyefunga tai. Baba akamgeukia hakimu: "Bwana zuzi, mwanamuke alikuwa wangu. Kitu ya mwanamuke iko ya bwana yake."

"Ulileta ng'ombe moja," mjomba akamkatiza, "tena ilikonda. Ile si ndoa."

Nikasimama bila kuulizwa. Niliona nina neno litakalowanyamazisha wote. "Mama alikuwa analipa kodi ya wanawake hawana bwana," nikasema. "Serikali yenyewe inajua nyumba ni yake."

Hakimu alicheka mpaka akafuta macho. "Kumbe!" akasema. "Mutoto mwenyewe ametuambia mama yake alikuwa malaya." Baraza zima likaangua kicheko. Nikamtazama mjomba. Naye alikuwa anacheka.

Hakimu akawatuma nje wakapatane kama mashemeji, warudi na neno moja. Walikaa kwenye ngazi, wakavuta sigara moja kwa kupokezana. Nilisimama karibu, na hakuna aliyenifukuza.

"Nyumba ya muji nitaifanyia nini?" mjomba akasema. "Mie niko mutu wa mashamba. Lakini ng'ombe zako hazikutimia, shemeki. Mutoto iko wa kwetu. Akiolewa, mahari inakuja kwangu."

Baba akanigeukia, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama.

"Mubebe," akasema. "Mie nabakia na nyumba."

Wakashikana mikono. Ndani, hakimu akawasifu kwa busara.

Mke wa baba alihamia kabla kilio hakijaondolewa. Nilimkuta amefungua sanduku, anajipima vitenge vya mama kimoja kimoja. Nikaomba kimoja tu, kile mama alichovaa kwenda misa. Baba ndiye aliyejibu kutoka chumbani: "Vitu vya nyumba vinabaki mu nyumba."

Kijijini kwa mjomba sikumaliza hata msimu wa maharagwe. Alinioza kwa mkulima wa pamba wa Luvungi, mtu wa rika lake, aliyekwisha kuzika wake wawili. Siku ya kuondoka mjomba alikuwa amekunywa. Alinishika bega, akasema kwa furaha ya kweli, "Unaona? Nilikuambia usilie."

Nilirudi Bukavu mara moja tu, na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Miguu yenyewe ilinipeleka Kadutu, nikabisha hodi. Mke wa baba akafungua mlango, na sijui kama hakunitambua au hakutaka.

"Unatafuta nani?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Yaliyotoka ni haya: "Naomba maji, maman."

Akaniletea kikombe. Nikanywa nikiwa nje, mtoto analia mgongoni, naye akabaki amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, anangoja kikombe chake.