Kona ya Kuwekea Seva

Mtunza seva alikuwa na mazoea ya kufuta viganja kwenye koti kabla ya kumpa mtu mkono. Begimai, binti yake aliyezunguka naye ofisi baada ya ofisi mjini Bishkek kuitafutia seva mahali papya, aliyachukia mazoea hayo, maana yalimfanya mzee aonekane ombaomba. Chuo kilichowahifadhi bure kilikuwa kinataka kurudishiwa chumba chake, na programu huria zote za kikundi chao cha waandishi wa programu, pamoja na kamusi yao ya Kikirigizi, zilikaa ndani ya seva hiyo moja. Kila walikonyimwa, mzee alishukuru kwa sauti ya chini kama yuko matangani.

Hatimaye mkurugenzi mmoja akakubali. "Ileteni hata leo, mzee wangu. Umeme wangu, intaneti yangu. Ila nitataka kujua nani anaandika nini humo."

Begimai alimkanyaga mzee mguu chini ya meza ili akubali. Mzee akatua kikombe cha chai. "Hapana, mwanangu," akasema, na safari hii hata waliokuwa nje walimsikia.

Jioni, kule chuoni, akaanza kuchomoa nyaya za seva mwenyewe, akizikunja mmoja mmoja.

"Si ungekubali tu, baba!" Begimai akafoka. "Kazi yote hii inazimika!"

"Katika majina anayoyataka, mna lako pia," akajibu, akauchomoa waya wa mwisho.