Kalamu ya Mamba na Shati la Karani

Miaka kumi na tisa dobi hakumsamehe shemeji yake karani, na asikudanganye mtu kwamba alijaribu. Hakujaribu hata siku moja. Alimpa kiti, akampa chai, maana ndiye mdogo wa marehemu mumewe. Lakini jambo lake alilikalia kama kuku anavyokalia mayai, na kila akilipapasa lilikuwa bado la moto.

Lilikuwa jambo la shati alilomfulia. Karani alilivaa jeupe pe siku ya kupandishwa cheo, ilipofika mchana kifuani kuna doa la buluu. Badala ya kujitazama mwenyewe, akanyoosha kidole: "Shemeji yangu huyo, amenimwagia buluu yake ya kufulia!" Buluu ni ule unga wanaoutia kwenye maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae. Dobi akamwambia pale pale, "Shemeji, hiyo ni kalamu yako imevuja mfukoni." Karani akacheka. Kalamu yake ivuje? Ya kwake?

Basi akalitembeza lile shati kama bendera. Alikuwa akimwandikia barua mama mmoja mwenye gesti, na mashuka ya gesti ile, vitanda kumi na vinne, yalikuwa yakifuliwa na dobi. Akalifikisha shati huko pia. Wiki haikuisha, mashuka yakahamia kwa dobi mwingine. Watu walimwamini karani kwa sababu alikuwa na tai, na mwenzake alikuwa na ndoo.

Sasa, binti wa mwisho wa dobi anauza kwenye duka la vifaa vya kuandikia, na ana mchezo wake. Ikiingia dukani kalamu ya kioja anaileta nyumbani, anaegemeza simu kwenye debe la sabuni, anajirekodi akiijaribu na kuipa alama, kisha marafiki zake wanatazama na kucheka. Jumamosi hiyo alileta kalamu ya wino yenye umbo la mamba. Mamba wa kijani, mzito kama kitasa. Ukimfungua kinywa, ncha ya kuandikia inachomoza kama ulimi. Ukimsokota mkia, ananyonya wino.

"Huyu anamwandikia nani?" dobi akauliza. "Mamba mwenzake?"

"Mama, narekodi!"

"Rekodi. Nimesema uongo?"

Wino ndio haukuwepo, binti akampigia baba yake mdogo. Karani, siku hizi mstaafu, hakuutuma. Aliuleta mwenyewe, na koti amevaa, kachupa kameshikwa kama dawa ya macho.

"Wino huuhuu tangu siku yangu ya kwanza kazini," akaiambia simu. "Sijawahi kubadilisha."

Mamba akanyweshwa. Akaandika mistari minene kama ya ufagio, akapiga chafya katikati ya jina la binti, na kila herufi ikiinama, mkia unamchoma mwandishi kwenye kiganja.

"Sura, nane," binti akatangaza. "Kuandika, tatu, na hizo namwonea huruma. Mama, zamu yako. Alama za madoa."

Hapo ndipo marafiki wa binti wanapopapenda. Dobi alichana kipande cha shuka kuukuu, akakilowesha, akadondoshea tone la wino. Pembeni, kama kawaida yake, akaweka tone la buluu, ndilo doa analolijua la kulinganishia.

Karani kuiona buluu, mdomo ukamwasha. "Hiyo! Naijua mimi hiyo! Iliniharibia shati siku ya cheo changu."

"Doa lilikuwaje, baba mdogo?" binti akauliza, bila nia mbaya.

"Kubwa kama kisosi! Katikati buluu, pembeni limezungukwa na zambarau, kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Mpaka leo naliona."

Dobi alikuwa anatazama kitambaa. Binti naye akatazama. Tone la wino lilikuwa limetanuka, katikati buluu, na pembeni, taratibu, zambarau inajichora duara. Tone la unga lilibaki buluu tupu. Dobi akayamwagia yote mawili kikombe cha maji, la unga likaenda na maji. La wino likakaa.

"Baba mdogo," binti akasema, "hebu sogea."

Karani akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. "Labda ni hiki kitambaa."

"Shuka lote hilo hapo," dobi akasema. "Jaribu kwa mkono wako."

Akajaribu. Tone la kwanza, zambarau. La pili, zambarau. La tatu lilimponyoka, akajipaka vidole vyote.

Binti akanyoosha mkono azime simu.

"Iache," dobi akasema.

Karani alikaa kitako kwenye ndoo iliyopinduliwa, koti na yote. "Shemeji, nisamehe."

"Sijakuuliza hayo. Mpigie mama wa gesti."

"Leo? Baada ya miaka yote?"

"Miaka nimeikaa mimi. Piga, na uweke sauti kubwa."

Akapiga. Ikapokewa kwa kikohozi cha mtu mzima.

"Ni mimi, karani. Lile doa la shati langu... ilikuwa kalamu yangu. Shemeji hakukosea kitu."

Mama wa gesti akakohoa tena. "Ina maana nilimnyang'anya mtu kazi kwa mdomo wako?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe mwenyewe."

Dobi akasogea kwenye simu.

"Mwenzangu, nilikukosea," sauti ikasema.

"Ulinikosea."

"Nikurudishie mashuka?"

"Sina tena mgongo wa mashuka. Nilitaka usikie tu. Uwaambie na wale aliowaonyesha shati."

"Nitawaambia. Wote walio hai."

Simu ikakatwa. Karani alibaki amenyoosha mikono mbele yake, vidole vya buluu, asijue aiweke wapi bila kuchafua. Akaomba maji anawe.

Dobi akamwonyesha bomba la uani kwa kidevu. Sabuni hakumpa.