Rangi Mbili

Miaka ile ya soko huria, maduka ya Makwale yalijaa kila kitu: sabuni za kunukia, betri, na vidonge vya rangi mbili vilivyokaa jirani na chumvi. Ukikohoa tu, unameza rangi mbili. Hakuna aliyeviita dawa.

Baba mkwe alikohoa. Mama mkwe akanituma dukani, nikampa vidonge, akampelekea mumewe, kisha akavuka mpaka kumsalimia dada yake. Mimi nilibaki na harufu ya kokoa inayochachuka na mvua isiyojua kukoma. Mchana ulikuwa unasinzia, nami nikisinzia nao.

Siku chache baadaye ufizi wa baba mkwe ukaanza kutoka damu, na haikukatika. Damu yake ilikuwa imewahi kuganda mguuni, na hospitali ya Mbeya walimpa kidonge kidogo cha kumeza kila siku, kuizuia isigande tena. Mume wangu alimkimbiza hospitali kwa baiskeli, akarudi nyumbani kuchukua nguo. Nilifuata kwa miguu, nikasimama nje ya dirisha la wodi, kanga usoni. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Sauti yake niliijua kupitia ukuta tu.

"Shikamoo mzee. Umetumia dawa nyingine, zaidi ya ile ya Mbeya?" daktari aliuliza.

"Dawa? Mimi ni mzee wa kanisa! Siendi kwa waganga."

Mungu wangu, alikuwa anasema kweli tupu, na kweli hiyo ingemuua. Nilitafuta mtu wa kunibebea maneno. Ukumbini hapakuwa na mtu, na ukungu ulikuwa umemeza hata miembe ya uani.

"Amemeza rangi mbili!" nikapiga kelele.

Baba alijifunika shuka hadi kichwani. Daktari aliguna. Alisema vile vidonge vinaongeza nguvu ya kile kidonge kidogo cha Mbeya, damu ikasahau kabisa kuganda. Akaagiza vyote visimamishwe, akamchoma sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Nilibaki pale pale dirishani, nimelowa chepechepe, mpaka muuguzi aliposema mate yake sasa ni meupe.

"Na huyo wa nje ni nani?" daktari aliuliza.

Shuka ilitikisika kidogo.

"Binti yangu."

Tangu niolewe, hakuwa amewahi kuniita chochote.